Utundu Ambao Mwalimu Aliuona na Mchunguzi Hakuuona: Kisa cha Madarasa ya Thailand

Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Thailand na Marekani lilichapisha matokeo ambayo wao wenyewe hawakuyatarajia. Walimu wa nchi hizo mbili walikuwa wameombwa kujaza fomu kuhusu tabia za wanafunzi wao wenye umri wa miaka 6 hadi 11, na majibu yalipojumlishwa ilionekana kwamba walimu wa Thailand wameandika matatizo mengi zaidi kuhusu wanafunzi wao kuliko walimu wa Marekani walivyoandika kuhusu wa kwao. Kwa mtu asiyeijua Thailand hilo halina ajabu, kwani nchi mbili zikilinganishwa lazima moja izidi. Kwa anayeijua, ni sawa na kuambiwa kwamba mahali penye kelele kuliko pote mjini ni maktaba.

Siku ya shule nchini Thailand huanzia uwanjani. Saa 2 kamili asubuhi wimbo wa taifa huimbwa na bendera hupandishwa, huku wanafunzi waliovaa sare wamesimama kwa mistari. Ndipo waingie madarasani, na katika shule nyingi viatu hubaki mlangoni. Mwalimu anapoingia, kiranja hutoa amri ya kutoa heshima, na darasa zima husimama, hukutanisha viganja kifuani, huinamisha vichwa na kumsalimu mwalimu kwa sauti moja. Salamu hiyo ya viganja huitwa wai. Mtoto anayepita mbele ya mwalimu aliyeketi hujikunja kidogo ili kichwa chake kisiwe juu sana ya kichwa cha mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kwa kawaida siku ya Alhamisi, hufanyika sherehe ya wai khru, ambapo wanafunzi hupiga magoti mbele ya walimu wao na kuwakabidhi maua yaliyopangwa kwa ustadi. Miongoni mwake, kwa mujibu wa mila, huwamo ua la mbilingani, ambalo huinamia chini na kwa hiyo huchukuliwa kuwa alama ya unyenyekevu. Mtoto aliyelelewa vizuri husifiwa kwa neno moja, riaproi, ambalo hubeba kwa pamoja unadhifu, utulivu, adabu na hali ya mambo kuwa mahali pake. Lipo pia neno kreng jai, yaani ile hali ya kusita kumsumbua mwenzako au kumkosesha raha, hasa akiwa mkubwa wako. Kwa Kiswahili tungelikaribia kwa kuchanganya staha na haya, bila kulifikia hasa.

Basi, katika nchi hiyo, walimu ndio walioandika kwamba watoto wana matatizo mengi. Walioongoza utafiti huo, miongoni mwao mwanasaikolojia wa Marekani John Weisz na daktari wa magonjwa ya akili wa Thailand Somsong Suwanlert, hawakuyatupa matokeo kwa sababu ya ugeni wake, wala hawakukimbilia kutangaza kwamba upole wa watoto wa Thailand ni hadithi tu. Waliligeuza tokeo lenyewe kuwa swali. Hapo ndipo kisa hiki kinapopata thamani yake kwa yeyote anayeshughulika na upimaji shuleni.

Kwanza tuitazame fomu yenyewe. Inatoka katika familia ya vipimo iliyobuniwa na Thomas Achenbach wa Chuo Kikuu cha Vermont. Fomu ya mzazi ina vipengele 118 vya matatizo, na fomu ya mwalimu ina idadi kama hiyo, ingawa baadhi ya vipengele vimebadilishwa ili vilingane na mambo ya darasani. Kila kipengele hupewa 0 ikiwa si kweli, 1 ikiwa ni kweli kiasi au mara nyingine, na 2 ikiwa ni kweli kabisa au hutokea mara nyingi. Mzazi hutakiwa kuikumbuka miezi 6 iliyopita, mwalimu miezi 2. Vipengele vinahusu mambo ya kila aina: mtoto anabishana sana, hatulii kitini, hamalizi alichokianza, kazi zake ni chafu, hafanyi kwa kadiri ya uwezo wake, anaona haya mno, analalamika kuumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa unaojulikana. Alama zote hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo humweka mtoto upande huu au ule wa mstari unaotenganisha wanaohesabiwa kuwa wa kawaida na wanaohitaji kuangaliwa zaidi.

Watafiti hao walikuwa tayari na mawazo mawili yaliyotokana na kazi yao ya mwaka 1987, walipolinganisha sababu zilizowafanya watoto wapelekwe kliniki katika nchi hizo mbili. Waliona kwamba watoto wa Thailand walipelekwa zaidi kwa matatizo ya kujibana, yaani woga, usingizi mbaya na maumivu ya mwili yasiyo na chanzo cha kitabibu, ilhali wa Marekani walipelekwa zaidi kwa matatizo ya kujiachia, kama ukaidi na kupigana. Wazo la kwanza lilisema kwamba utamaduni hubana tabia za aina fulani na kuziachia nyingine njia, hivyo jamii inayokataza hasira za wazi itapata watoto wachache wenye kupigana na pengine wengi wenye kuumwa na tumbo. Wazo la pili lilihusu watu wazima: kila jamii ina kizingiti chake, na tabia ya mtoto huitwa tatizo pale tu inapokivuka. Mawazo haya hayapingani, lakini ni vigumu sana kuyatenganisha ikiwa habari zote unazipata kutoka kwa mtu mzima yuleyule, kwa sababu kalamu inayoripoti tabia ndiyo hiyohiyo yenye kizingiti.

Njia ya kuyatenganisha ni kutafuta jicho la pili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 na Weisz, Wanchai Chaiyasit na wenzao, watoto walewale waliojaziwa fomu na walimu wao walitazamwa pia darasani na wachunguzi waliofunzwa kazi hiyo. Uchunguzi wa aina hii, kwa jinsi unavyofanyika katika familia ya vipimo vya Achenbach, ni kazi ya subira: mchunguzi huketi pembeni, humtazama mtoto mmoja kwa dakika 10, huandika anayoyafanya, na kila dakika inapomalizika huweka alama kuonyesha kama wakati huo mtoto yumo katika kazi aliyopewa au ametoka nje yake. Kisha huipima tabia aliyoiona kwa orodha ya vipengele. Mtoto huyo hutazamwa tena wakati mwingine, ili dakika chache za bahati mbaya zisimhukumu.

Matokeo yaligongana. Walimu wa Thailand waliendelea kuripoti matatizo mengi kuliko walimu wa Marekani, kama mwaka 1989. Wachunguzi waliona kinyume chake: watoto wa Marekani walionyesha tabia za matatizo, na kutoka nje ya kazi, takriban mara mbili ya watoto wa Thailand. Mwelekeo wa ulinganisho mzima uligeuka kwa kumbadilisha aliyeshika kalamu.

Maelezo ya kwanza yanayokuja akilini, na ambayo watafiti wenyewe waliyapa uzito, ni kwamba walimu wa Thailand wana matarajio makubwa mno kuhusu mwenendo wa mwanafunzi, hivyo hata kosa dogo huonekana. Doa huonekana zaidi kwenye kanzu nyeupe. Katika darasa ambalo watoto karibu wote wametulia, yule anayegeuza shingo mara tatu ndani ya kipindi anaonekana kutoka mlangoni; katika darasa ambalo watoto husimama, huchangia bila kuitwa na huzunguka kutafuta penseli, mtoto huyohuyo angekuwa wa kati tu. Mwalimu anayejaza fomu hana rula mkononi. Ana kumbukumbu ya watoto aliowafundisha, na kipengele kinachosema ‘hatulii kitini’ hukijibu kwa kumlinganisha mtoto na hao. Jumla inayopatikana, kwa hiyo, hupima umbali uliopo kati ya mtoto na kile ambacho mwalimu anakiona kuwa sawa, na umbali huo unaweza kuwa mrefu kwa sababu mtoto amesogea au kwa sababu mwalimu amesimama mbali.

Maelezo ya pili yanamtetea mwalimu, nami naona hayafai kupuuzwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu amekaa na mtoto kwa wiki nyingi. Anajua kwamba kazi za nyumbani haziletwi, kwamba daftari limejaa maandishi yaliyofutwafutwa, kwamba baada ya chakula cha mchana mtoto husinzia. Mchunguzi ameona dakika kadhaa. Hata hivyo hoja hii peke yake haitoshi, kwani mwalimu wa Marekani naye amekaa wiki nyingi na wanafunzi wake, na kama kukaa muda mrefu ndiko kunakoongeza matatizo kwenye fomu basi kungeongeza pande zote mbili. Ili hoja isimame inabidi tuongeze jambo jingine, kwamba mtoto wa Thailand hubadilika zaidi mbele ya mgeni. Hilo linawezekana kabisa. Mtoto aliyefunzwa tangu utotoni kumsitahi mkubwa, anapomwona mtu mzima asiyemjua ameketi nyuma ya darasa na karatasi mkononi, ana kila sababu ya kuwa riaproi kuliko siku nyingine. Uchunguzi wa kurudiarudia hupunguza athari hiyo lakini hauiondoi.

Maelezo ya tatu ni madogo kwa sura lakini naona yana nguvu kuliko yanavyopewa nafasi. Alama ya 1 ina maana ya ‘kiasi au mara nyingine’. Ni mtoto gani ambaye mara nyingine habishani? Mtu mwenye kujibu kwa unyoofu mkubwa atajaza 1 katika vipengele vingi, na mtu mwenye kutafsiri ‘mara nyingine’ kuwa ‘mara nyingi kiasi cha kunisumbua’ atajaza 0. Jumla ya 30 inaweza kutokana na vipengele 30 vilivyopewa 1, na inaweza kutokana na vipengele 15 vilivyopewa 2, na watoto hao wawili hawafanani hata kidogo, ijapokuwa karatasi ya matokeo inawaweka kwenye safu moja. Zaidi ya hapo, mwalimu wa Thailand huhesabiwa kuwa mlezi wa pili, mwenye wajibu juu ya mwenendo wa mtoto na si masomo yake tu, na mlezi anayetaja kasoro ya mwanawe haoni kwamba anamshtaki.

Hapa ndipo panapoingia ushahidi ambao mtu akiusoma haraka ataona unapingana na yote yaliyotangulia. Mwaka 1988 watafiti hao walichapisha kazi nyingine, ambayo wazazi, walimu na wanasaikolojia wa nchi zote mbili walipewa maelezo ya watoto wawili, mmoja mwenye haya na woga, mwingine mkaidi na mpiganaji, kisha wakaulizwa wanaonaje. Wathai waliyaona matatizo ya watoto wote wawili kuwa mepesi zaidi kuliko Wamarekani walivyoyaona, hayakuwatia wasiwasi kiasi kilekile, na waliamini zaidi kwamba mtoto atabadilika kadiri muda unavyokwenda. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa wazazi na walimu, na ndogo kwa wanasaikolojia, ambao mafunzo yao yanatoka katika vitabu vinavyofanana. Watafiti waliihusisha na mafundisho ya Kibudha, dini ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wa nchi hiyo, kwamba hakuna hali inayodumu.

Swali linajileta lenyewe. Inakuwaje walimu wa nchi moja wawe na wasiwasi mdogo juu ya tabia mbaya, na wakati huohuo waandike tabia mbaya nyingi? Wapo watakaosema kwamba utafiti mmojawapo umekosea. Mimi naona hapana mgongano, kwa sababu fomu ya Achenbach haimuulizi mwalimu kama jambo linamtia hofu. Inamuuliza kama jambo lipo. Anayeamini kwamba kasoro ya mtoto ni ya kupita haoni ugumu wa kuiandika. Anayeamini kwamba kasoro hiyo ni sehemu ya nafsi ya mtoto, na kwamba maandishi yake yanaweza kumfungulia faili litakalomfuata miaka yote ya shule, huishika kalamu kwa tahadhari. Tumezoea kudhani kwamba kizingiti ni kimoja, kumbe viko viwili: cha kuona, na cha kuhangaika. Walimu wa Thailand, kwa ushahidi huu, wanacho cha kwanza kilicho chini na cha pili kilicho juu. Wanaona mengi, wanahangaikia machache.

Tukubali kwamba tafsiri hii ni yangu, lakini ina matokeo ya vitendo. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi wawili wa darasa la nne. Wa kwanza ni msichana mchangamfu ambaye mwalimu amempa 1 katika vipengele vingi: huongea, hugeuka nyuma, husahau kitabu, hubishana na wenzake kwenye mstari wa chakula. Wa pili ni mvulana asiyesema kitu, anayeinamisha kichwa akiulizwa swali, na ambaye kila Jumatatu huumwa na tumbo. Mstari wa kukatia ukiwa umetokana na alama za watoto wa Marekani, msichana anaweza kuuvuka na kuitiwa mzazi, ingawa hana tatizo lolote ambalo muda na mwalimu mvumilivu hawataliondoa. Mvulana anaweza kubaki chini ya mstari, kwa sababu ukimya wake unafanana sana na ile tabia njema ambayo shule nzima inaisifu. Kati ya makosa hayo mawili, la pili linanitisha zaidi. La kwanza hupoteza alasiri moja ya mzazi. La pili hupoteza miaka.

Sehemu ya kwanza ya tatizo hili imeshughulikiwa kwa hesabu. Mwaka 2007 Achenbach na wenzake, akiwemo Leslie Rescorla, walichapisha ulinganisho wa ripoti za wazazi kutoka jamii 31 na za walimu kutoka nchi 21, Thailand ikiwa miongoni mwa nchi hizo za walimu, na viwango vya kulinganishia vikapangwa kwa makundi ya jamii kulingana na wastani wa alama zao. Tokeo moja la kazi hiyo linastahili kukumbukwa na kila anayependa kusema ‘watoto wa nchi fulani wako hivi’: tofauti kati ya watoto wa nchi moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Mpangilio huo unarekebisha mstari wa msichana wetu. Haumsaidii mvulana, kwa sababu kasoro yake haikuandikwa tangu mwanzo, na hesabu haiwezi kurekebisha kitu ambacho hakipo kwenye karatasi.

Shule za Thailand leo zina mfumo wa kuwatunza na kuwasaidia wanafunzi, ambao unamtaka mwalimu wa darasa amfahamu kila mtoto mmoja mmoja, na chombo kimojawapo kinachotumika ni dodoso la nguvu na matatizo lililobuniwa na Robert Goodman mwaka 1997. Ni fupi mno likilinganishwa na fomu ya Achenbach: lina vipengele 25 tu, vitano vitano katika makundi matano, na jumla ya matatizo huanzia 0 hadi 40. Lina toleo la mwalimu, la mzazi na la mwanafunzi mwenyewe, na mtoto huwekwa katika kundi la kawaida, la hatari au la tatizo. Kuwa na matoleo matatu ni jambo jema, mradi tu shule isiyachanganye kuwa wastani mmoja. Mwalimu akisema mtoto yuko sawa na mtoto mwenyewe akajaza kwamba ana hofu nyingi, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kinachonivutia zaidi katika mfumo huo ni desturi ya mwalimu kuwatembelea wanafunzi nyumbani. Inachosha, na katika shule yenye wanafunzi wengi inaweza kugeuka kuwa picha za kupeleka ofisini tu. Lakini mwalimu aliyeketi sakafuni kwa bibi anayemlea mtoto, akasikia kwamba mvulana huyo haumwi tumbo wakati wa likizo, amepata kitu ambacho vipengele 118 havikumpa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Mwaka 1993 Weisz na wenzake walilinganisha ripoti za wazazi wa watoto wenye umri wa miaka 11 hadi 15 kutoka Kenya, Thailand na Marekani. Watoto wa Kenya walikuwa Waembu. Wao ndio walioripotiwa kuwa na matatizo mengi zaidi ya kujibana, na sehemu kubwa ya alama hizo ilitokana na malalamiko ya mwili, huku watoto Wazungu wa Marekani wakiongoza kwa ubishi na ukaidi. Je, mtoto wa Embu aliyesema anaumwa kichwa alikuwa na huzuni, au alikuwa na kichwa kinachouma? Fomu huhesabu maumivu ‘yasiyo na chanzo cha kitabibu’, na mahali ambapo zahanati iko mbali na malaria ni ya kawaida, mzazi hana namna ya kukijua chanzo. Madodoso ya Achenbach na ya Goodman yana matoleo ya Kiswahili, na yanatumika.

Kwa hiyo mwalimu mshauri anayepokea fomu iliyojazwa na mwenzake, iwe Chiang Mai nchini Thailand au Embu, ana kazi kabla ya kujumlisha. Achague vipengele vitatu vilivyopewa 2, na vingine vitatu vilivyopewa 0 kuhusu mtoto ambaye kila mtu anamsifu kwa utulivu, amwendee aliyejaza na amuulize kwa kila kimoja: mara ya mwisho ulipomwona hivyo ilikuwa lini, na alikuwa anafanya nini hasa?